Breki Zipo Makumbusho

Ilikuwepo, na kama haijabadilishwa jina ingali ipo, nchi iitwayo Husika. Jina hilo waasisi wake walilichagua kwa hekima kubwa. Katika nchi nyingine, mambo yakiharibika, wananchi huambiwa wasubiri mamlaka husika, nao husubiri mpaka wakaota mvi bila kujua mamlaka hiyo ni ipi na inakaa mtaa gani. Kule Husika tabu hiyo haikuwepo. Kila mamlaka ilikuwa ya Husika, kwa hiyo kila mtu alisubiri kwa moyo mkunjufu.

Katika nchi hiyo aliishi Yonazi Kitundu, Mkaguzi Mkuu wa Vyombo vya Moto, mtu mpole, mnene kiasi, mwenye sauti nzito. Sauti ndiyo iliyompa kazi. Sheria ya ukaguzi ya Husika ilitaka majibu yatamkwe kwa kinywa, hadharani, kwa neno moja, ili asitokee mjanja wa kughushi karatasi. Gari likiwa salama mkaguzi alitamka "Zima!" Likiwa na hitilafu alitamka "Bovu!" Likishatamkwa limetamkwa, na rufaa hakuna. Watu walitoka mbali kuja kumsikiliza Kitundu, maana "zima" yake ilitoka tumboni, na hata mwenye lori lisilo na milango aliondoka pale akijisikia yuko mikononi mwa Mungu.

"Bovu" aliitamka kwa nadra. Ilishajulikana kitaalamu kwamba magari ya watu wenye ndugu serikalini hayaharibiki, na wenye ndugu serikalini walikuwa wengi. Siku moja, baada ya kutamka "zima" tangu asubuhi, bosi wake alimnong'oneza kwamba wananchi wataanza kushuku. Gari lililofuata lilikuwa la mwalimu mstaafu, jipya kabisa, viti vyake bado vimevaa nailoni. Kitundu akalitamkia "bovu". Mwalimu hakubishana, alisema tu, "Sawa, wewe ndiye unayejua," akaanza kulisukuma kwenda nyumbani. Mchana ule Kitundu alikula chakula chake ameugeukia ukuta, na kwa muda mrefu baadaye alikwepa kupita mtaa wa yule mwalimu.

Lakini hakuna chombo kilichomtia tumbo joto kama Mtukufu.

Mtukufu ilikuwa pikipiki ya zamani, ya chuma kizito, yenye taa moja kubwa ya mviringo mbele, tangi jeusi lenye mstari wa dhahabu, na kiti cha ngozi kilichokaa juu ya springi mbili nene. Mwasisi wa Taifa aliipanda siku ya uhuru, akateremka nayo mlima kuwaletea watu habari njema. Wazee wachache waliokuwepo wanakumbuka kwamba alianguka kwenye kona ya kwanza. Historia iliyoidhinishwa inasema alishuka kwa hiari yake, upande wa kushoto.

Miaka ikapita, ikaja kaulimbiu ya taifa: Husika Haisimami. Msomi mmoja wa wizarani akauliza, kwa nia njema kabisa, kama Husika haisimami, breki ni za nini. Swali hilo halikupata mtu wa kulijibu. Breki za Mtukufu zikafunguliwa kwa heshima zote, zikapelekwa Makumbusho ya Taifa, zikawekwa ndani ya kabati la kioo chini ya kibao kilichoandikwa BREKI ZA MKOLONI, ALIZOTUMIA KUTUCHELEWESHA. Wanafunzi walipelekwa kuzizomea. Kanyagio la breki liliachwa kwenye pikipiki kwa ajili ya sura. Ukilikanyaga lilishuka kwa adabu, likapanda tena, na hakuna kingine kilichotokea.

Madhara hayakuonekana, kwa sababu kila Siku ya Taifa Mtukufu ilizungushwa tu uwanjani, injini imelala, mawaziri wakiisukuma na bendi ikiwapigia mwendo. Kabla ya kusukumwa ilibidi ikaguliwe. Kila mwaka Kitundu aliizunguka, akaitazama, akainamisha sikio kana kwamba inamwambia siri, kisha akatamka "Zima!" Neno lenyewe halikukaa sawa hata kisarufi, maana pikipiki huwa nzima, haiwi zima. Ila sheria ilitungwa kwa ajili ya magari, na wizara ilishaamua kwamba pikipiki ni gari lililopungukiwa.

*

Mwaka huo wakaja wageni. Nchi jirani zilikuwa zimeanza kuuliza kama ukaguzi wa Husika unaaminika, zikatuma Wapimaji wa Uaminifu, watu wakimya wenye kofia za jua. Wakiona hauaminiki, gari la Husika lisingevuka mpaka tena.

Waziri wa Mwendo na Utulivu, Mheshimiwa Ludoviko Mbiu, aliwapokea kwa hotuba. Alikuwa mtu ambaye mdomo wake hutangulia, kichwa kikafuata baadaye kwa usafiri mwingine.

"Ndugu wageni," alisema, "kuaminika maana yake nini? Kuaminika ni kutobadilika. Mtu akikwambia leo hivi, kesho vile, utamwamini? Sasa sisi hapa tuna chombo kinachokaguliwa tangu uhuru. Wakaguzi wamekufa, wameajiriwa wengine. Mvua zimenyesha, tairi zimeoza zikabadilishwa, zikaoza tena. Majibu yamebaki yale yale. Nionyesheni nchi nyingine yenye ukaguzi imara namna hiyo."

Wageni wakaandika. Mmoja wao akauliza kwa upole kama chombo hicho hutembea. Mdomo wa Waziri ukatangulia kama kawaida yake, ukajibu kwamba Siku ya Taifa Mtukufu itateremka Mlima wa Uhuru kutoka kileleni, injini ikinguruma, mpaka mbele ya jukwaa. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Kitundu naye alijikuta anapiga makofi, na alipoitazama mikono yake aliionea aibu kama ya mtu mwingine.

Aliyechaguliwa kuiendesha alikuwa Koplo Leokadia wa kikosi cha pikipiki, hodari kuliko wanaume wote wa kikosi kile. Marehemu baba yake, Damiani, na Kitundu walikuwa chanda na pete, walianza kazi pamoja kwenye ua wa ukaguzi. Tangu Damiani azikwe, Leokadia hakuwa na baba mwingine ila huyu, naye alimwita baba mdogo mbele za watu na faraghani. Alikuja mbio kumpa habari kwamba amechaguliwa yeye. Kitundu akamwambia hongera mwanangu.

Kesho yake akapiga moyo konde, akaenda kwa Waziri. Alimkuta anapimwa suti ya sherehe. Kitundu alizungukazunguka maneno, akasifu kitambaa, akauliza hali ya watoto, hatimaye akalitema.

"Mheshimiwa, ile pikipiki haina breki."

"Breki zake ziko wapi?"

"Zipo makumbusho, mheshimiwa."

"Basi zipo," alisema Waziri, akainua mkono fundi ampime kwapa. "Nchi ngapi duniani zinajua breki zao ziko wapi?"

Kitundu akataka kuendelea. Waziri hakukasirika, ingekuwa afadhali angekasirika. Alimweleza taratibu, kama mtu anayemweleza mgonjwa. Mwaka jana Kitundu alisema zima. Mwaka juzi alisema zima. Mwaka huu akisema bovu mbele ya wageni, kutaulizwa ni lini alikuwa anasema kweli. "Na mimi sitaulizwa," Waziri alimalizia. "Utaulizwa wewe."

Hoja hiyo haikuwa na tundu hata la sindano. Kitundu alisema nimekuelewa mheshimiwa, ingawa hakuna aliyemuuliza kama ameelewa, akarudi kinyumenyume mpaka mlangoni. Njiani alijipitisha makumbusho kuomba breki ziazimwe walau kwa asubuhi moja. Mtunzaji alimsikiliza kwa huruma, akasema mali ya taifa haitoki bila kibali cha mamlaka husika. Kitundu akauliza mamlaka ipi. Mtunzaji akamtazama kwa mshangao, akajibu, "Ya Husika." Kitundu akasimama mbele ya kabati la kioo akiziangalia zile breki, zimepakwa mafuta vizuri, zinang'aa, nzima kabisa. Alijua kuna jambo moja zaidi la kufanya, nalo ni kwenda kwa Leokadia kumwambia. Alienda nyumbani.

*

Siku ya Taifa ikafika, jua kali, mbingu nyeupe. Chini ya mlima jukwaa lilikuwa limejaa, na kando ya barabara walipangwa watoto wa kwaya wenye sare za njano, walioonywa wasisogee kabla ya ubeti wa tatu. Juu kileleni Kitundu aliikagua Mtukufu mbele ya wageni. Aliizunguka, akainamisha sikio, akapewa kipaza sauti. "Zima!" ikateremka mlima mzima, na kule chini watu wakashangilia.

Wageni walipoondoka kuwahi jukwaa, Leokadia akamsogelea, kofia ya chuma kwapani. Alikuwa ameshalijaribu kanyagio.

"Baba mdogo, hili naliona laini sana," alisema kwa sauti ya chini. "Wale umewatangazia, sawa. Mimi niambie kama mwanao. Ikoje?"

Kitundu alitazama kipaza sauti mkononi mwake. Kilikuwa kimezimwa. Akatamani kingekuwa kinawaka, apate kisingizio. Msaidizi wa Waziri alikuwa mbali, anafukuzana na kofia yake iliyopeperushwa na upepo. Hapakuwa na mtu wa kumsikia ila huyu binti aliyekuwa anamngoja, na haya kubwa ikampanda kifuani kwa sababu alijikuta bado anaogopa, hata pale ambapo hapakuwa na wa kumwogopa.

Ndipo lilipomjia lile neno, si kama alivyolisema kila siku bali limegeuka upande wake wa pili. Zima ni salama. Zima pia ni amri: zima injini, shuka, usiende. Neno moja, milango miwili. Akilisikia kama amri, binti amepona na Waziri hana la kusema. Akilisikia kwa maana ile nyingine, basi Kitundu atakuwa amemwambia, ila hakuelewa. Alilipenda neno hilo kuliko alivyowahi kupenda neno lolote, na papo hapo akajichukia kwa kulipenda.

"Zima," alisema, na kwa mara ya kwanza halikutoka tumboni.

Uso wa Leokadia ukafunguka. "Haya, baba mdogo. Basi roho yangu imetulia." Akavaa kofia, akapiga kiki, Mtukufu ikakohoa, ikakubali. Kitundu alinyoosha mkono kumzuia, lakini katikati ya safari mkono ukabadili nia, ukampungia. Leokadia naye akampungia, akaondoka.

Kona ya kwanza aliipita kwa kupunguza mwendo kwa gia, watu wakapiga vigelegele. Kona ya pili mnyororo ukaruka. Pikipiki ikawa jiwe linaloshuka. Kwa kuwa Kitundu alikuwa juu aliona kila kitu: aliuona mguu wa binti ukikanyaga na kukanyaga tena, akaona watoto wa njano wamesimama wima kama walivyoagizwa, kwa kuwa kwaya ilikuwa bado kwenye ubeti wa pili. Leokadia alikuwa na watoto mbele, jukwaa nyuma yao, na mtaro wa zege kulia. Akachagua mtaro.

Redio ya taifa ilitangaza kwamba Mtukufu imewasili kabla ya muda uliopangwa.

Wageni, ambao kazi yao ni kupima, waliuliza swali la kitaalamu. Kama ukaguzi unaaminika, ukirudiwa sasa utatoa majibu gani? Waziri akaona kumekucha. Kitundu akaitwa ateremke mbio, akafika anahema, akasimama ukingoni mwa mtaro. Gurudumu la mbele lilikuwa peke yake, mbali na mwenzake. Petroli ilikuwa inadondoka kwenye zege. Upande wa pili askari walikuwa wanamwinua Leokadia kwenye machela, na mguu wake mmoja ulitazama upande ambao miguu haitazami. Hakuwa analia. Alikuwa anatafuta mtu kwa macho katika ule umati, na alipomwona Kitundu akaacha kutafuta.

Mkaguzi akapewa kipaza sauti.

"Zima," alisema Kitundu.

Wageni wakaandika kwamba majibu ni yale yale kabla ya ajali na baada yake, jambo ambalo hawajapata kuliona popote, na ukaguzi wa Husika ukatangazwa kuwa wa kuaminika kuliko wote ukanda ule. Bendi ikapiga. Kitundu alienda nyuma ya gari la bendi akatapika, na waliomwona walisema ni jua.

*

Wananchi walinung'unika kidogo, kwa hiyo ikaundwa Tume. Ilipogundulika mapema kwamba breki hazikosekani, zipo na zina tarehe na kibao, Tume ikaona tatizo ni la lugha. Uenyekiti akapewa Profesa Heriel Mkunde, bingwa wa sarufi, ambaye hakuwahi kupanda pikipiki na alijivunia kwamba hilo linamfanya asiwe na upendeleo.

Kitundu aliapa, akaulizwa alimwambia nini koplo pale kileleni. Akajibu kwamba alimwambia zima.

"Zima ipi?" aliuliza Profesa. "Kivumishi au kitenzi?"

Kitundu alitazama viatu vyake. Hapo palikuwa na nafasi ya kusema kweli, pana kabisa, na kila mtu alikuwa anamngoja kwa adabu.

"Ile inayofaa," alisema.

Profesa akafurahi kama mtu aliyeletewa zawadi. Akasimama, akaueleza ukumbi kwamba jambo lote liko wazi. Pikipiki ni ya ngeli ya I na ZI. Kama mkaguzi alikusudia kusema iko salama, angesema nzima. Hakusema nzima, alisema zima. Kwa hiyo zima hiyo haikuwa sifa ya pikipiki, ilikuwa amri kwa mwendeshaji, na mwendeshaji mwenye elimu ya darasa la nne tu angeizima injini papo hapo. Ile zima iliyotangazwa kwa wageni, Profesa aliongeza, ilikuwa zima ya kisheria, na sheria haina ngeli.

Mkaguzi Mkuu, Tume ilihitimisha, alionya mapema, kwa ufasaha na kwa ushujaa. Akavikwa Nishani ya Ulimi Ulionyooka. Koplo Leokadia alipatikana na hatia ya kutosikia ngeli, akavuliwa cheo, na kuamriwa ajifunze upya upatanisho wa kisarufi akiwa kitandani, chini ya mwalimu atakayeteuliwa.

Mitaani watu walianza kumpisha Kitundu kwenye foleni. Mama mmoja alimletea mwanawe mchanga ili Kitundu amguse mtoto ulimi. Kila alipoitwa shujaa alihisi kama amekutwa uchi sokoni na watu wote wamekubaliana kusifu nguo zake. Nishani ilipaswa kuvaliwa kila siku ya kazi. Aliivaa ndani ya koti, na pini yake ilikuwa inamchoma.

*

Alikaa siku nyingi bila kwenda hospitali. Hatimaye alinunua machungwa, akaenda saa ya kutazama wagonjwa.

Mguu wa Leokadia ulikuwa umening'inizwa kwa kamba na vizito, umefungwa plasta mpaka nyonga. Ukutani, mahali anapoweza kupaona akiwa amelala, mwalimu aliyeteuliwa alikuwa ametundika ubao wa ngeli. Binti alikuwa anasoma kwa sauti ndogo, mtu mzima, mti mzima, jicho zima, nyumba nzima. Alipomwona akajaribu kujiinua.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu." Kitundu akaweka machungwa kwenye kimeza, akaketi. Akauliza maumivu yakoje. Leokadia akasema si haba, madaktari wanasema atatembea, ila pikipiki tena labda hapana. Alisema hivyo haraka, kisha akainamisha uso.

"Nimekutia aibu," alisema. "Wamenieleza yote. Wewe uliniambia nizime, mimi nikaelewa vingine. Shuleni ngeli sikuzishika vizuri, hata marehemu baba alikuwa ananigombeza. Ulihatarisha kazi yako kwa ajili yangu, nikakuangusha mbele ya watu. Nisamehe, baba mdogo."

Akangoja kusamehewa. Ilikuwa rahisi. Neno moja tu lilitakiwa, na Kitundu alikuwa bingwa wa neno moja. Angelisema, wangemenya machungwa, binti angepata usingizi. Alifungua kinywa alitamke, akamwona bado ameinamisha uso, amejikunja kwa aibu ambayo haikuwa yake, na alishindwa kumwachia aendelee kuibeba.

"Sikukuambia uzime," alisema.

Leokadia akainua macho.

"Nilikuambia neno ambalo lingeeleweka vyovyote, ili mimi nipone. Breki hazikuwepo, Leokadia. Nilijua. Nimejua tangu wewe ukiwa shule ya msingi."

Mgonjwa wa kitanda cha pili alipunguza redio, halafu kwa heshima akaizima kabisa. Leokadia hakupiga kelele wala hakulia. Alimtazama Kitundu muda mrefu, kama mtu anayesoma kibao kilichoandikwa kwa herufi ndogo.

"Kama ningekuuliza mara ya pili pale juu," alisema hatimaye, "ungenijibu nini?"

Kitundu alitamani kudanganya kuliko alivyowahi kutamani kitu chochote. Alitafuta ndani yake yule mtu ambaye angejibu vizuri, akamtafuta kwa bidii, hakumpata.

"Ningekujibu vile vile," alisema.

Binti akatikisa kichwa polepole, kukubali. Akautazama ule ubao ukutani, kisha dirisha. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa ya heshima, ile ambayo raia wa Husika huitumia madirishani kwa maofisa.

"Asante kwa kuja kunitazama, Bwana Mkaguzi."

Kitundu alisimama, kofia mkononi, akingoja aitwe lile jina jingine. Alingoja mpaka muuguzi alipokuja na kumwomba apishe.